Habari za Ngongo Lutete, Jemadari wa Lomami

1. Nchi ya ng'ambo ya ziwa

Mtu akisimama Kirando au Kala, katika pwani ya Ufipa, siku ambayo anga ni safi, huona upande wa machweo milima iliyosimama ng'ambo ya maji ya Tanganyika. Hiyo ni milima ya Kongo. Akivuka ziwa na kushika njia ya magharibi, baada ya safari ya siku nyingi hufika kwenye mto mpana uitwao Lualaba, ambao ndio mwanzo wa mto Kongo. Akivuka Lualaba na kwenda mbele tena, hufika kwenye mto wa pili, jina lake Lomami, unaotiririka kwenda kaskazini mpaka kuungana na mto Kongo. Katika nchi hiyo ya mito miwili aliishi jemadari mmoja ambaye habari zake zilivuma toka Zanzibar hata Ulaya. Jina lake lilikuwa Ngongo Lutete.

Ili kufahamu mambo yake, yafaa kwanza kujua hali ya nchi wakati ule. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Zanzibar na wa Pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wakisafiri toka Bagamoyo mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka Ujiji. Huko walivuka ziwa kwa vyombo, wakaingia nchi ya Manyema. Walitafuta pembe za ndovu, kwa maana bei yake ilikuwa kubwa sana huko Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Lakini pamoja na pembe walitafuta watu. Wengi walikamatwa kwa nguvu. Wengine wakachukuzwa mizigo, wengine wakalimishwa mashamba ya mabwana, na wengine wakauzwa mbali na kwao.

Wafanya biashara hao walijenga miji miwili mikubwa karibu na Lualaba, yaani Nyangwe na Kasongo. Katika soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, msafiri Livingstone aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa siku ile, wengi wao kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbia.

Mkubwa wa mabwana wote wa Manyema alikuwa Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Mwanawe Sefu alimsaidia, na baadaye alishika mahali pake huko Kasongo. Mabwana hawa hawakuwa wengi. Nguvu yao ilitoka kwa watu wa nchi ile ile. Watoto waliotekwa walilelewa katika nyumba za mabwana, wakajifunza Kiswahili, wakafundishwa kushika bunduki, na walipokua walitumwa kwenda kuteka watoto wengine. Hilo ndilo lililokuwa jambo la huzuni kuliko yote katika vita vile: aliyetekwa jana ndiye aliyekuwa mtekaji wa kesho.

2. Mtumwa aliyepata kuwa mkuu

Ngongo Lutete alizaliwa yapata mwaka 1860, katika nchi ambayo Watetela, Wakusu na Wasongye hupakana. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa, akawa mtumwa wa Tippu Tip. Hakuwa na ukoo wa kumkomboa, wala mali, wala mtu wa kumsemea. Alikuwa na vitu viwili tu, akili na ushujaa.

Alipokua alipelekwa vitani pamoja na watumwa wengine. Mara nyingi alitangulia mbele mahali ambapo wenzake waliogopa. Bwana wake alipoona hivyo alimpa uhuru, akamfanya mkuu wa kijiji kidogo. Mtu mwingine angaliridhika hapo. Ngongo hakuridhika. Aliwakusanya vijana wasio na kwao, watumwa waliotoroka, na mateka aliowapata mwenyewe, akawafanya kikosi chake. Kila aliposhinda kijiji, vijana wa kijiji kile waliongezwa katika jeshi, na jeshi likazidi kukua kama mto wakati wa masika.

Kabla ya mwaka 1890 alikuwa ndiye mkuu wa nchi kubwa pande zote mbili za Lomami. Aliwatumikia mabwana wa Kasongo kwa kuwakusanyia pembe na watu, nao walimpa bunduki na baruti. Machifu wengine wenye nguvu, kama Lumpungu wa Wasongye, walimtii. Vijiji vilivyokataa vilichomwa moto, na watu wake wakachukuliwa.

Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa afisa katika vita vya Kongo, alimjua sana Ngongo, na mwaka 1897 alitoa kitabu cha habari za vita vile. Humo aeleza kwamba Ngongo alikuwa mtu wa umbo zuri na uso wa akili, ambaye mikono yake haikutulia, bali vidole vilikuwa vikikunjuka na kukunjika daima. Safarini alikwenda mbio saa nyingi bila kuchoka, hata watu wake wenyewe walishindwa kumfuata.

3. Mji wa Ngandu

Makao yake yalikuwa Ngandu, ukingoni mwa Lomami upande wa magharibi. Ulikuwa mji mkubwa wenye watu maelfu, nao ulizungushiwa boma la miti. Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza alishikwa na hofu kubwa langoni, kwa sababu njia ya kuingilia ilikuwa imetandikwa mafuvu ya watu kama mawe ya sakafu. Hinde alihesabu mafuvu zaidi ya 2000 katika lango moja tu.

Hivyo ndivyo Ngongo alivyotawala. Alijua ya kuwa yeye si mzaliwa wa ukoo wa kichifu, na ya kuwa watu hawamtii kwa kumpenda. Basi alichagua kuogopwa. Wapanda mbegu ya hofu hupata mavuno haraka, lakini mavuno hayo hayakai ghalani. Mtu anayetiiwa kwa hofu hawezi kujua ni nani rafiki yake wa kweli, na Ngongo alikuja kulijua jambo hilo siku ya mwisho wake.

4. Kubadili bwana

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimkubali Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kuwa mwenye nchi ya Kongo. Nchi hiyo iliitwa Dola Huru ya Kongo, lakini wenyeji waliita serikali ile Bula Matari, maana yake Mvunja Mawe, jina alilopewa kwanza Stanley. Hapo mwanzo Dola ilipatana na Tippu Tip, hata ikamfanya liwali wake katika nchi ya Maporomoko ya Stanley mwaka 1887. Lakini mapatano hayo hayakuwa na mizizi. Pande zote mbili zilitaka pembe zile zile, na kila upande ulitaka kuwa bwana wa nchi ile ile. Tippu Tip alitambua kwamba vita vinakuja, akarudi Zanzibar, wala hakuonekana tena Manyema. Alikufa Zanzibar mwaka 1905.

Mwaka 1890 Dola ilijenga boma Lusambo, kwenye mto Sankuru, ili kuwazuia watekaji wasizidi kwenda magharibi. Mwaka 1892 mkuu wa majeshi ya upande ule alikuwa Francis Dhanis, Mbelgiji aliyezaliwa London. Mwezi wa Aprili mwaka huo Ngongo alileta jeshi lake kupita mpaka, kama alivyozoea. Dhanis akatoka kumlaki. Walipigana mara kwa mara katika Aprili na Mei, na kila mara Ngongo alishindwa. Askari wa Dhanis walikuwa wachache, lakini bunduki zao zilitiwa risasi kwa nyuma, na mtu mmoja aliweza kupiga mara nyingi kabla adui hajamaliza kushindilia baruti yake.

Ngongo akarudi Ngandu akiwa na mawazo mazito. Jeshi lake lilikuwa limepunguka. Tena alikuwa na manung'uniko yake ya siku nyingi juu ya mabwana wa Kasongo, ambao walipokea pembe zake nyingi na kumrudishia kidogo. Sasa alipima mambo mawili katika akili yake. Kama akibaki na Sefu, Dhanis atakuja tena. Kama akienda kwa Dhanis, Sefu atakuwa adui yake. Lakini adui huyo amjua sana, nguvu yake na udhaifu wake.

Mwezi wa Septemba 1892 alifanya mapatano na Dhanis. Aliwaacha waliomlea, waliomtumikisha na kumtajirisha, akawa mtu wa Bula Matari. Lumpungu naye alikuwa amekwisha kupatana na Dola. Kwa hiyo katika muda wa miezi michache mabwana wa Manyema walipoteza nchi yote ya magharibi ya Lomami, wala si kwa risasi tu, bali kwa uamuzi wa watu wao wenyewe.

Wengi wamejiuliza kama Ngongo alitenda vema au vibaya. Ni kweli kwamba alivunja ahadi. Lakini ahadi hiyo alifungwa nayo akiwa mtoto mtumwa, asiye na hiari. Ni kweli pia kwamba hakubadili bwana kwa kuwahurumia watumwa, maana mwenyewe alikuwa nao maelfu. Alitazama upande wenye nguvu, akaufuata. Dhanis naye hakumpokea kwa kuwa ni mtu mwema. Alimpokea kwa kuwa alihitaji watu wake, vyakula vyake, na maarifa yake ya njia. Mapatano yao yalikuwa ya faida. Kuaminiana kulikuwa bado.

5. Vita kwenye Lomami

Sefu alipopata habari alighadhibika sana. Machoni pake Ngongo alikuwa mtumwa aliyetoroka na nchi nzima. Akatuma wajumbe kudai mambo mawili: Ngongo arudishwe kwake, na Lomami uwe mpaka kati yake na Dola. Dhanis alikataa. Basi Sefu akaja na jeshi la watu wapatao 10,000, akapiga kambi karibu na Lomami.

Huko Kasongo walikuwako Wabelgiji wawili waliowekwa na Dola, Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. Sefu aliwafanya kuwa amana mikononi mwake. Mwezi wa Novemba alimleta De Bruyne mpaka ukingoni mwa mto ili aseme na maofisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Maofisa wale, Hinde akiwa mmoja wao, waliona ya kuwa kama De Bruyne akijitupa majini na kuogelea, wao wangeweza kumlinda kwa bunduki mpaka avuke. Walimwuliza kama ajua kuogelea, naye akafahamu maana ya swali lile. Lakini Lippens alikuwa mgonjwa Kasongo, na De Bruyne alijua kwamba akiokoka yeye, mwenzake atauawa. Akakataa, akageuka, akarudi pamoja na walinzi wake. Baada ya siku chache wote wawili waliuawa Kasongo. Ngongo alikuwa upande huu wa mto ule ule wakati huo. Watu wawili hao, mmoja aliyegeuka ili aokoke na mmoja aliyekataa kuokoka, hawafanani kwa lolote ila ujasiri.

Tarehe 23 Novemba 1892 jeshi la Sefu lilikuwa limekwisha kuvuka Lomami, likajenga boma mahali paitwapo Chige. Usiku na asubuhi mvua kubwa ilinyesha, na baruti katika magobori ya watu wa Sefu ikalowa. Kapteni Michaux wa Dola na watu wa Ngongo walitumia nafasi hiyo wakashambulia. Bunduki nyingi za adui hazikulia. Watu wa Sefu wakatoka mbio kuelekea mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Waliokufa majini walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Sefu mwenyewe aliponea chupuchupu.

6. Nyangwe na Kasongo

Baada ya ushindi huo Dhanis alivuka Lomami pamoja na Ngongo. Tarehe 9 Januari 1893 walipigana na jeshi la Mwinyi Mohara, bwana wa Nyangwe, naye akauawa katika vita hivyo. Mwisho wa mwezi huo walifika Lualaba, wakaona mji wa Nyangwe ng'ambo. Lakini mto ni mpana sana mahali pale, wala hawakuwa na mitumbwi. Mitumbwi yote ilikuwa mikononi mwa Wagenia, wavuvi wa mto ule, nao walingoja waone ni upande gani utakaoshinda. Ikawa majeshi mawili yakatazamana juu ya maji wiki nyingi. Mwisho Wagenia walipatana na Dhanis, na tarehe 4 Machi 1893 wakalivusha jeshi lake, na Nyangwe ikatwaliwa. Mji ule uliokuwa na watu maelfu kwa maelfu ukaharibiwa kabisa katika muda wa siku chache.

Tarehe 22 Aprili Kasongo nao ulitwaliwa. Washindi walishangaa kwa utajiri waliouona. Palikuwa na vitanda vya godoro za hariri, mishumaa, sukari, bilauri na vyombo vya fedha, na nje ya mji mashamba mazuri ya mpunga, michungwa, mipera na mikomamanga. Utajiri huo wote ulijengwa kwa jasho la watumwa, na sasa uligawanywa kwa watu wengi ambao walikuwa watumwa.

Katika miezi hiyo yote Ngongo hakuyumba. Watu wake walipeleleza njia, walichukua mizigo, walitafuta vyakula na kupigana mstari wa mbele. Pasipo yeye, Dhanis hangalifika Nyangwe, wala hangaliweza kukaa humo. Hinde, aliyekuwa pamoja naye, alishuhudia jambo hilo waziwazi. Mtu aliyekuwa mwepesi wa kubadili bwana alikuwa sasa mtumishi imara kuliko wote. Kazi ilipokwisha, alipewa ruhusa kurudi kwake Ngandu.

7. Shtaka na hukumu

Huko Ngandu alikuwako Luteni Duchesne, aliyewekwa na Dola kuangalia mambo ya nchi. Yeye na Ngongo hawakuelewana. Tena Ngongo alikuwa na maadui wengi miongoni mwa machifu wadogo aliowatesa zamani, nao walingoja siku ya kulipiza kisasi. Sasa siku hiyo ilifika. Walimwendea Duchesne wakamnong'oneza kwamba Ngongo anafanya shauri la siri kuigeukia Dola, na kwamba anataka kumwua Dhanis.

Maneno kama hayo yalikuwa rahisi kusadikiwa. Alikwisha kumwacha bwana mmoja. Kwa nini asimwache wa pili? Mabaya yake ya kwanza ndiyo yaliyomshtaki, kabla shahidi hajafungua kinywa. Duchesne akamkamata kwa ghafula. Baraza la maofisa likakutana Ngandu, likamhukumu auawe. Hakuna ushahidi wa kweli uliotolewa, ila maneno ya watu waliomchukia.

Dhanis alikuwa mbali, huko Kasongo. Alipopata habari kwamba Ngongo amekamatwa alishtuka, maana alijua alivyotumikiwa na mtu yule. Mara moja akamtuma Hinde aende upesi Ngandu kuizuia hukumu. Hinde akasafiri kwa haraka nyingi, akivuka Lualaba na kupita mwitu na mbuga. Alipofika Ngandu aliambiwa kwamba amechelewa siku mbili. Ngongo Lutete alikuwa amekwisha kupigwa risasi tarehe 15 Septemba 1893. Hakufikia umri wa miaka arobaini.

Ngongo alikuwa amemwaga damu ya watu wengi, na kama angalihukumiwa kwa ajili ya vijiji alivyovichoma na mafuvu ya lango la Ngandu, hakuna ambaye angalisema kwamba ameonewa. Lakini hakuhukumiwa kwa hayo. Waliomtumia walijua mambo hayo yote siku walipofanya naye mapatano, wakanyamaza kwa sababu walimhitaji. Alihukumiwa kwa uhaini, kosa ambalo safari ile hakulitenda.

8. Mambo yaliyofuata

Vita viliendelea kwa muda. Sefu alikufa mwezi wa Oktoba 1893, na Mohamed bin Halfan aliyeitwa Rumaliza, bwana wa Ujiji, alishindwa mwezi wa Januari 1894, akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi wakati ule. Hivyo utawala wa mabwana wa Manyema ukakoma. Dhanis alipewa na mfalme wake cheo cha ubaroni.

Lakini kifo cha Ngongo hakikusahauliwa. Askari wake waliokuwa walinzi wake walichukuliwa katika jeshi la Dola, wakapelekwa Luluabourg. Huko walitendewa kwa ukali, na mioyoni mwao walikuwa na uchungu wa jemadari wao aliyeuawa bila haki. Mwezi wa Julai 1895 waliasi, wakamwua mkuu wa boma, Kapteni Pelzer, wakaenda mpaka nchi ya Lomami, wakapigana na Dola miezi mingi. Maofisa kadhaa wa Ulaya waliangamia katika vita hivyo.

Mwaka 1897 Dhanis mwenyewe alikuwa akiongoza jeshi kubwa kwenda upande wa mto Nile. Wengi wa askari wake walikuwa Watetela na Wakusu, watu wa nchi ya Ngongo. Mwezi wa Februari walichoka kwa njaa, safari na adhabu, wakaasi nao, na jeshi lote likatawanyika. Mabaki ya waasi hao yalipigana katika mashariki ya Kongo miaka mingine mitatu, na mwaka 1900 kikosi chao kimoja kilivuka mpaka na kuweka silaha zake chini mbele ya Wadachi karibu na Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Ndivyo maji ya dhuluma iliyofanywa Ngandu yalivyofika hata ziwa lile ambalo pwani yake ya kusini mashariki ni nchi ya Ufipa.

Dola yenyewe, iliyojisifu kwamba imekuja kukomesha utumwa, ilitwika watu mzigo mwingine, yaani kazi ya lazima ya kukusanya mpira. Watu wengi mno walikufa kwa kazi hiyo na kwa adhabu zake, hata malalamiko yakaenea katika Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuitoa nchi mikononi mwake. Mwanakijiji wa Lomami aliona mabwana watatu katika maisha yake, Sefu, Ngongo na Bula Matari, na kila mmoja alichukua vitu vyake kwa bunduki. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Katika maisha ya Ngongo Lutete kuna mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni kwamba uaminifu ukivunjwa mara moja hauunganiki upesi. Aliyeuvunja huweza kuwa mkweli baadaye, lakini siku ya kushtakiwa hakuna atakayemsadiki. La pili lawahusu waamuzi. Mtu mwenye sifa mbaya astahili kusikilizwa vema kuliko wengine, kwa sababu ni rahisi sana kumhukumu kwa kosa asilolitenda. Siku mbili za kungoja zingalitosha kuokoa uhai wa mtu mmoja, na huenda na uhai wa mamia waliokufa katika maasi yaliyofuata.

Maswali

1. Onyesha katika ramani ziwa Tanganyika, mto Lualaba na mto Lomami.
2. Ngongo alipataje uhuru wake?
3. Kwa nini Ngongo aliwaacha mabwana wa Kasongo? Taja sababu mbili.
4. Mvua iliwasaidiaje watu wa Dola huko Chige?
5. De Bruyne alikataa kufanya nini, na kwa sababu gani?
6. Ni mambo gani yaliyowafanya maofisa wasadiki shtaka la Ngongo bila ushahidi?
7. Mithali isemayo kwamba mla nawe hafi nawe yamhusuje Ngongo? Eleza.